Namna ya Kujiandaa kwa Mtihani wa GMAT Ukiwa Kazini

Mtu anayeomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara katika shule kubwa za Marekani au Ulaya hukutana mapema na sharti la mtihani wa GMAT au GRE. Mara nyingi hukutana nalo akiwa ameshaajiriwa, ana majukumu ya familia, na hajashika hesabu za darasani tangu alipomaliza masomo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Hoja yangu kuu ni kwamba GMAT hupima uamuzi kuliko kumbukumbu: lipi lifanywe, lipi liachwe, na taarifa gani inatosha kujibu swali lililoulizwa. Kwa sababu hiyo, maandalizi yenye manufaa ni yale yanayotenga muda mrefu wa kuchunguza kwa nini swali fulani lilikosewa, wala si yale ya kurundika maelfu ya maswali yaliyojibiwa na kusahauliwa siku hiyo hiyo.

Mtihani ulivyo sasa

GMAT unaendeshwa na GMAC, baraza lililoanzishwa mwaka 1953 na shule tisa za biashara za Marekani, na watahiniwa wa kwanza waliufanya mwaka 1954. Umefanyiwa mabadiliko mengi tangu wakati huo, lakini yanayomhusu mwombaji wa leo ni yale ya Novemba 2023, ulipoletwa mtihani mfupi zaidi ulioitwa kwanza GMAT Focus Edition na ambao sasa unaitwa GMAT tu. Mtihani wa zamani ulisitishwa mwishoni mwa Januari 2024. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu vitabu vya zamani bado vinapatikana kwa bei nafuu na nakala zake zinazunguka katika makundi ya WhatsApp, na mtu asiyejua anaweza kumaliza mwezi mzima akijifunza jometri, kusahihisha sarufi ya sentensi na kuandika insha, mambo matatu ambayo hayamo tena. Si kwamba vitabu hivyo ni vya kutupa. Maswali yake ya aljebra, ya ufahamu na ya hoja bado yanafaa kwa mazoezi, mradi ujue kurasa za kuruka.

Mtihani wa sasa una sehemu tatu, kila moja ya dakika 45: hesabu yenye maswali 21, lugha yenye maswali 23, na uchambuzi wa data, ambayo kwenye skrini utaiona kwa jina la Data Insights, yenye maswali 20. Jumla ni maswali 64 kwa saa 2 na dakika 15, na yapo mapumziko ya dakika 10 ambayo mtahiniwa anaweza kuyachukua au kuyaacha. Kila sehemu hupewa alama kati ya 60 na 90, na zote tatu zina uzito sawa katika alama ya jumla, inayoanzia 205 hadi 805. Alama za jumla za mtihani wa sasa zote huishia na tarakimu 5, ilhali za zamani ziliishia na sifuri, kwa hiyo mwenzako akikuambia alipata 700, anazungumzia mtihani mwingine. Kwa ulinganisho uliotolewa na GMAC, 700 ya zamani inakaribiana na 645 ya sasa, na mwombaji mwenye 655 mkononi hana sababu ya kutishwa na ushauri wa miaka iliyopita unaomwambia asiombe bila 700.

Maswali hutolewa na kompyuta kulingana na majibu yako. Ukijibu vizuri huja magumu zaidi, ukikosea huja mepesi. Matokeo yake ni kwamba hata mtahiniwa hodari hutoka akiwa na hisia ya kuwa ameshindwa, na kujaribu kupima wakati wa mtihani kama swali lililo mbele yako ni jepesi au gumu ni kupoteza dakika bure. Unaruhusiwa kuweka alama kwenye swali lolote ili ulirudie, na ukishajibu yote ya sehemu hiyo huku muda ukiwa umebaki, unaweza kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Kutomaliza sehemu kuna adhabu katika ukokotoaji wa alama, hivyo kubahatisha ni afadhali kuliko kuacha wazi.

Kuhusu GRE nitasema kwa ufupi. Shule nyingi za biashara hupokea mtihani wowote kati ya hiyo miwili. GRE ina jometri na hudai msamiati mpana wa Kiingereza, lakini huruhusu kikokotoo cha skrini katika hesabu. GMAT hauna jometri wala maswali ya msamiati, lakini hesabu zake hufanywa kwa mkono na mantiki yake ni kali zaidi. Kwa maoni yangu, mtu aliyesoma kwa Kiingereza cha darasani tu, ambaye msamiati wa kifasihi humchosha, mara nyingi atajisikia vizuri zaidi katika GMAT. Mitihani yote miwili haichukui nafasi ya mtihani wa kuthibitisha Kiingereza, kama TOEFL au IELTS, pale shule inapoudai.

Anza na mtihani, si kitabu

Kabla ya kununua chochote, fungua akaunti katika tovuti rasmi ya mba.com, ambako GMAC hutoa mitihani miwili kamili ya majaribio bila malipo. Fanya mmoja katika wiki ya kwanza, kwa muda wake halisi, simu ikiwa imezimwa na watu wa nyumbani wakiwa wameombwa wasikuite. Alama zitakazotoka huenda zikawa za kuvunja moyo, lakini huo ni uchunguzi tu, na unachokitafuta ni tofauti kati ya sehemu tatu. Mhasibu anaweza kukuta hesabu zake ziko salama huku hoja za lugha zikimwangusha. Mwanasheria anaweza kukuta kinyume chake. Mtihani wa pili uhifadhi kwa ajili ya wiki za mwisho, kwa sababu maswali rasmi yaliyobaki mapya ni mali adimu, na hakuna kampuni ya mafunzo inayoweza kuyaiga kikamilifu.

Baada ya hapo weka lengo. Shule nyingi huchapisha kila mwaka wasifu wa darasa jipya, pamoja na wastani au alama ya kati ya GMAT ya waliokubaliwa. Chukua shule tatu au nne unazozitaka kwa dhati, angalia takwimu zao, hakikisha ni za mtihani wa sasa au zimegeuzwa ipasavyo, kisha pima umbali uliopo kati yako na lengo. Pointi 40 zinaweza kufikiwa kwa kurekebisha muda na uzembe. Pointi 150 zinadai kujenga msingi upya, na hilo halifanyiki kwa wiki sita.

Kalenda ya maombi nayo ipangwe sasa. Shule nyingi za Marekani hupokea maombi ya awamu ya kwanza mwezi Septemba na ya pili mwanzoni mwa Januari, na insha za maombi zenyewe hula muda mwingi. Anayelenga Septemba afanye mtihani kufikia Juni, ili ikibidi kurudia asijikute akiandika insha usiku na kutatua milinganyo alfajiri.

Kwa mfanyakazi wa kawaida, miezi mitatu hadi minne ni kipindi cha kutosha: saa mbili katika siku nne za wiki, na kikao kirefu cha saa nne Jumamosi. Wanaoishi katika miji yenye foleni wanajua kwamba jioni si wakati wa kutegemewa, kwani mtu hufika nyumbani akili imeshachoka. Saa mbili za alfajiri kabla ya kutoka, au ofisini kabla wenzako hawajafika, zina thamani kubwa kuliko nne za usiku.

Hesabu bila kikokotoo

Hesabu za GMAT hazipiti sana kiwango cha sekondari: sehemu na desimali, asilimia, uwiano, vipeo na vipeuo, namba tasa, shufwa na witiri, vigawo na vigawe, milinganyo, kasi na umbali, wastani na namba ya kati, uwezekano na njia za kupanga vitu. Ugumu wake unatokana na mambo mawili. La kwanza ni kwamba kikokotoo hakiruhusiwi katika sehemu hii, na vidole vyetu vimezoea simu. Rudisha ustadi wa kukokotoa kwa kichwa: asilimia 15 ya 480 ni 48 jumlisha nusu yake, yaani 72, moja ya nane ni asilimia 12.5, mraba wa kila namba hadi 20 uwe kichwani bila kutafutwa. Dakika kumi kwa siku ndani ya daladala au matatu zinatosha kwa mazoezi haya, na baada ya mwezi utaona tofauti.

La pili ni kwamba swali huandikwa ili njia ya darasani iwe ndefu na njia ya akili iwe fupi. Tumefundishwa kuunda mlinganyo, kuutatua hatua kwa hatua na kuonyesha kazi, kwa sababu mwalimu alitoa alama za njia. Hapa hakuna alama za njia. Kama majibu matano yametolewa na ni namba, mara nyingi yamepangwa kwa ukubwa, kwa hiyo jaribu lile la katikati kwanza: likiwa kubwa kuliko inavyotakiwa, umeshaondoa matatu kwa mkupuo mmoja. Kama swali lina herufi tupu na asilimia, weka 100 mahali pa herufi na ukokotoe. Mwanafunzi aliyekuwa bora darasani huona aibu kufanya hivi, na ndiyo maana wakati mwingine huzidiwa na mwenzake aliyekuwa wa kawaida.

Sehemu ya data, na mfano mmoja wa kutazamwa kwa makini

Hii ndiyo sehemu inayowashangaza wengi, na pia ndiyo inayofanana zaidi na kazi za ofisini. Ina aina tano za maswali: utoshelevu wa data, kusoma grafu, kuchambua jedwali linaloweza kupangwa upya kwa safu, kuunganisha taarifa kutoka vyanzo kadhaa, na maswali ya pande mbili ambayo jibu la upande mmoja hufungamana na la mwingine. Kikokotoo cha skrini kinaruhusiwa hapa, lakini kukibonyeza kila mara ni dalili kwamba hujaliona swali vizuri, kwa sababu mara nyingi makadirio yanatosha. Jihadhari na maswali yenye vipengele kadhaa ndani yake: ukikosa kipengele kimoja, swali zima limepotea, kwani hakuna alama za nusu.

Utoshelevu wa data ndiyo aina inayostahili muda wako mwingi. Unapewa swali na taarifa mbili, na huulizwi jibu ni nini, bali kama taarifa hizo zinatosha kulipata. Machaguo ni matano na hayabadiliki: A, ya kwanza pekee inatosha, B, ya pili pekee inatosha, C, zinatosha zikiunganishwa lakini hakuna inayotosha peke yake, D, kila moja peke yake inatosha, E, hata zikiunganishwa hazitoshi.

Chukua mfano huu. Amina alinunua madaftari ya shilingi 1,500 kila moja na kalamu za shilingi 700 kila moja, bila kununua kitu kingine. Je, alinunua kalamu ngapi? Taarifa ya kwanza inasema alinunua vitu 9 kwa jumla. Taarifa ya pili inasema alitumia shilingi 9,500 kwa jumla.

Mtu aliyesoma aljebra vizuri ataona vitu viwili visivyojulikana, atasema vinahitaji milinganyo miwili, na atachagua C bila kupepesa macho. Amekosea. Taarifa ya kwanza peke yake kweli haitoshi, kwa kuwa kalamu zinaweza kuwa moja, mbili, tano au saba. Lakini itazame ya pili ukikumbuka kwamba kalamu haziuzwi nusu. Kama hakununua daftari lolote, 9,500 ingepaswa kugawanyika kwa 700, nayo haigawanyiki. Daftari moja linaacha 8,000, haigawanyiki. Mawili yanaacha 6,500, hapana. Matatu yanaacha 5,000, hapana. Manne yanaacha 3,500, ambayo ni kalamu tano kamili. Matano yanaacha 2,000 na sita yanaacha 500, na zote mbili zinakataa. Kwa hiyo upo uwezekano mmoja tu, madaftari manne na kalamu tano, na taarifa ya pili inatosha peke yake. Jibu ni B.

Mtego huu umejengwa juu ya tabia ya kukimbilia kanuni. Kila unapoona vitu vinavyohesabika, kama watu, magari au tiketi, simama ujiulize kama ukamilifu wa namba unabeba taarifa ambayo haikuandikwa. Vilevile jizoeze kuisoma taarifa ya pili kana kwamba hujaiona ya kwanza. Wengi huichukua taarifa ya kwanza kichwani wanapoipima ya pili, na hapo ndipo A, B na D zinapochanganyika.

Lugha: ufahamu na hoja

Mtihani hutolewa kwa Kiingereza pekee, na kwetu sisi tunaofikiri, kugombana na kupiga hesabu kwa Kiswahili, hili si jambo dogo. Hata hivyo hauhitaji Kiingereza cha mapambo. Unahitaji uwezo wa kusoma aya nzito kuhusu biolojia, historia ya kazi au sera ya kodi, mambo usiyoyapenda wala kuyajua, na kutoka na jibu la maswali matatu: mwandishi anadai nini, anapingana na nani, na kila aya inafanya kazi gani. Soma makala marefu ya namna hiyo kila siku kwa miezi yote mitatu, na baada ya kila aya tamka kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, ilichokisema. Ukishindwa kuitamka kwa Kiswahili, basi hukuielewa, hata kama kila neno ulilijua.

Zingatia maneno madogo ya swali. Kuna tofauti kubwa kati ya lile linalouliza kipi lazima kiwe kweli na lile linalouliza kipi kinaweza kuwa kweli, na neno la maana ya "isipokuwa" hubadilisha swali zima. Majibu yenye "daima", "pekee" na "kamwe" si ya kukataliwa moja kwa moja, lakini yadai ushahidi wake ndani ya maandishi.

Maswali ya hoja ni mafupi na yana faida kubwa kwa anayejizoeza. Tuseme umepewa hoja hii: kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam hadi Morogoro ilipandisha nauli mwezi Januari, idadi ya abiria wake mwezi Februari ilikuwa sawa na ya Desemba, kwa hiyo kupanda kwa nauli hakukumfukuza abiria hata mmoja. Unaulizwa ni lipi linaidhoofisha. Chaguo la kwanza: bei ya mafuta ilipanda mwezi Januari. La pili: abiria wengi walilalamikia nauli mpya. La tatu: kampuni nyingine iliyokuwa ikihudumia njia hiyo hiyo ilifunga shughuli zake mwishoni mwa Januari.

Hatua ya kwanza ni kutenga hitimisho, nalo ni kwamba hakuna aliyefukuzwa. Hatua ya pili ni kuutafuta ufa kati ya ushahidi na hitimisho, nao ni huu: idadi kuwa sawa si uthibitisho kwamba watu ni wale wale. Sasa yaangalie machaguo. La kwanza linaeleza sababu ya kupandisha nauli, halihusiani na walioondoka. La pili linavutia, lakini kulalamika si kuondoka. Mtu anaweza kunung'unika safari nzima na bado akalipa. La tatu linaingia moja kwa moja kwenye ufa, maana abiria waliokosa basi lao huenda walikuja kuziba nafasi za waliokimbia nauli. Msomaji anayezijua stendi zetu atataka kusema kwamba Desemba watu husafiri sana kwenda mikoani, na ni kweli, lakini hilo halimo katika machaguo, na mtihani hautoi alama kwa yale unayoyajua wewe nje ya maandishi.

Daftari la makosa

Hapa ndipo walio wengi huokoa muda mahali pasipofaa. Wakishajibu maswali 30 na kukosa 9, husoma maelezo ya yale 9, hutikisa kichwa kwa kukubali, na kuendelea. Wiki mbili baadaye hukosa maswali yale yale yaliyovishwa nguo nyingine. Badala yake, tenga kwa ukaguzi muda usiopungua ule ulioutumia kujibu, na uandike. Kila kosa lipewe chanzo chake: hukuijua dhana, uliijua lakini ulisoma vibaya, ulikosea kukokotoa, muda ulikubana, au ulijibu swali ambalo halikuulizwa. Hata maswali uliyoyapata kwa kubahatisha yaingie daftarini, kwa sababu bahati hiyo haitakufuata hadi kituoni.

Ingizo zuri ni fupi na linaishia na kanuni ya kutekelezwa. Kwa mfano wa Amina, lingesomeka hivi: "Utoshelevu wa data. Nilichagua C, jibu ni B. Chanzo: nilihesabu milinganyo badala ya kupima uwezekano. Kanuni: vitu vinavyohesabika, jaribu namba kamili kabla ya kuamua." Ingizo linalosema "niwe makini zaidi" halina maana yoyote, kwani halimwambii mtu afanye nini kesho. Kila Jumamosi, kabla ya kugusa swali jipya, rudia maswali ya daftari yaliyotimiza wiki mbili bila kutazama jibu. Linalokosewa tena linabaki, linalopatikana kwa njia safi linafutwa.

Saa ukutani

Wastani wa muda ni kama dakika 2 na sekunde 9 kwa swali la hesabu, chini kidogo ya dakika 2 kwa la lugha, na dakika 2 na sekunde 15 kwa la data. Kuangalia saa kila swali huvuruga akili, kwa hiyo tumia vituo vichache. Katika hesabu, baada ya swali la 7 uwe na dakika 30 zilizobaki, na baada ya la 14 uwe na 15. Katika lugha, baada ya la 8 zibaki takriban 29, na baada ya la 16 takriban 14. Ukijikuta umechelewa kwa dakika mbili au tatu, dawa yake si kuharakisha maswali yote yanayofuata, bali kulitoa moja sadaka: chagua lile unaloona litakula dakika nne, weka jibu la kubahatisha, liwekee alama ya kurudiwa, songa mbele.

Uamuzi huo wa kuacha unauma, hasa kwa aliyelelewa katika shule ambako kuacha swali ni uvivu, na kwa hiyo ufanyiwe mazoezi kama mada nyingine yoyote. Katika kila seti ya mazoezi, jilazimishe kuacha angalau swali moja ndani ya sekunde 30 za kwanza. Baada ya muda utaanza kuyatambua mapema maswali yasiyo ya kwako.

Mpangilio wa sehemu tatu unauchagua mwenyewe siku ya mtihani. Jaribu mipangilio miwili au mitatu katika mitihani ya majaribio na uamue mapema. Wengi hufaidika kwa kuweka mwanzoni sehemu inayodai nguvu nyingi na kutoiacha sehemu ya data mwisho, wakati macho yamechoka kusoma majedwali. Mapumziko unaweza kuyachukua baada ya sehemu ya kwanza au ya pili, na sioni sababu ya kuyaruka. Mtihani wa majaribio wa mwisho uwe wiki moja kabla, saa ile ile uliyopangiwa kufanya mtihani wenyewe.

Usajili, pasipoti na umeme

Jina unalojisajili nalo lilingane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Kwetu hili huleta matatizo kwa sababu cheti cha kidato cha nne kinaweza kuwa na majina mawili, cheti cha chuo matatu, na pasipoti mpangilio tofauti kabisa. Unayekaguliwa kituoni ni wewe na kitambulisho chako, kwa hiyo fuata pasipoti na uhakikishe muda wake haujaisha. Malipo hufanywa kwa kadi, na ada hutofautiana kwa nchi na kwa namna ya kufanya mtihani; iulize benki yako mapema kama kadi yako imeruhusiwa kulipia mtandaoni na kikomo chake cha siku ni kiasi gani, kwani kadi nyingi hutolewa huduma hiyo ikiwa imefungwa.

Mtihani unaweza kufanywa katika kituo kilichoidhinishwa au nyumbani kwa kompyuta, msimamizi akikutazama kupitia kamera. Wa nyumbani hudai chumba kisicho na mtu mwingine, kompyuta yenye skrini moja na intaneti thabiti tangu mwanzo hadi mwisho. Ninamshauri mkazi wa Afrika Mashariki aende kituoni kama kipo katika umbali anaoumudu, hata ikibidi kulipa nauli na kulala mjini usiku mmoja. Umeme ukikatika kituoni, ni tatizo la kituo; ukikatika sebuleni kwako katika swali la 12, ni lako. Anayelazimika kufanya nyumbani aandae betri iliyojaa, chanzo cha akiba cha umeme kwa ajili ya kifaa cha intaneti, na azungumze na majirani kuhusu muziki.

Alama zikishatoka

Alama zisizo rasmi huonekana kwenye skrini unapomaliza, na zilizo rasmi huja siku chache baadaye. Tangu taarifa rasmi inapofika, una saa 48 za kuchagua shule zisizozidi tano zitakazotumiwa alama bila malipo ya ziada. Ukipitisha muda huo utalipia kila shule. Kwa kuwa uchaguzi unafanyika baada ya kuziona alama, hakuna haja ya kuzituma usizozipenda, na orodha ya shule iwe tayari kabla ya siku ya mtihani ili saa hizo zisiishe ukishauriana na ndugu.

Kurudia kunaruhusiwa baada ya siku 16, na si zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12. Rudia ikiwa alama zimeshuka chini ya zile za mitihani yako miwili ya mwisho ya majaribio, au ikiwa sehemu moja imeanguka kwa sababu unayoweza kuitaja na kuirekebisha. Ikiwa alama zinalingana na za majaribio, siku 16 hazitabadilisha kitu. Kinachohitajika ni miezi mingine miwili ya kazi, au kuziacha alama zilivyo na kuhamishia nguvu kwenye insha na barua za wadhamini. Alama hudumu miaka mitano, kwa hiyo hata anayeahirisha maombi hadi msimu ujao hatalazimika kuanza upya.